Mshono wa Kwapani

Kabla sijajua jina lake niliujua mshono wake:
kwapa la kulia, sare ya buluu iliyopauka,
nyuzi nne zimeachia, uzi wa tano unasita.
Fundi hawezi kutoona.
Hata fundi aliyelala chali, mdomo umekwenda kombo,
mkono wa kazi umelala ubavuni kama kitambaa cha mteja
aliyetoa arbuni akapotelea mbali.

Daktari alikuja Jumatatu na wanafunzi watano.
Akanigonga goti kwa kinyundo, akasema Kiingereza,
wakaandika, wakaondoka na viatu vyao.
Jumanne akaja mtaalamu wa viungo, akapima,
akachora mpango kwenye karatasi:
mara kumi, mara tatu kwa siku.
Mpango mzuri. Mimi pia nilikuwa nachora vizuri;
naujua umbali uliopo kati ya chaki na gauni.

Umbali huo ndio kazi ya Edina.

Edina Mwaipaja, msaidizi,
chumba cha mwisho wa korido, Temeke,
ambako mvua ya Aprili ikilipiga bati watu wanaongea kwa mikono
wale wenye mikono.
Hakuniuliza naumwa wapi.
Aliniuliza, "Choo chenu kiko ndani au nje?"
"Nje." Neno lilitoka limejaa mate.
"Vidato vingapi?"
Miaka kumi na tisa Tandika, navipanda usiku bila taa,
sijawahi kuvihesabu.
"Viwili," nikasema.
Mke wangu akasema, "Vitatu. Na cha chini kimemeguka."
Edina akatoka, akarudi na matofali matatu.
La chini akaliweka upande.

"Ukipanda, mguu mzima utangulie.
Ukishuka, mgonjwa aonyeshe njia."
Kanishika kiunoni kwa mkanda, pumzi yake iko sikioni kwangu,
anahesabu kama muuza nazi asiyekubali kupunjwa:
moja, mbili, tatu,
hiyo tatu hukuimaliza, rudi.

Siku ya sita nilimchukia. Sifichi.
Nikamtukana kwa Kizaramo, tusi la bibi yangu, la zamani,
lile linalogusa ukoo.
Yeye ni wa Tukuyu; ama hakulielewa, ama alilimeza.
Akamgeukia mke wangu:
"Umesikia? Limetoka zima. Ulimi unanyooka."

Baadaye vikaja vibanio vya nguo juu ya kamba.
Baadaye bakuli mbili na maharage.
Mkono huu umeshona suti za maharusi,
umetarizi kanzu za watu wasiolipa,
leo punje ya maharage inauambia: utanijua.

Wiki ya tano akanipa shati langu mwenyewe.
Vifungo vinne, dakika kumi na saba,
na kila kifungo kimelala tundu la jirani.
Mke wangu akanyoosha mkono arekebishe.
Edina akamzuia kwa macho tu.
Basi nikakaa kwenye benchi hivyo hivyo nikisubiri bajaji,
pindo moja juu, jingine chini,
ningekuwa mteja ningedai hela yangu.

"Niletee hiyo sare," nikamwambia.
"Ipi?"
"Hiyo. Kwapani."
Akajitazama, akacheka kidogo, kama aliyefumaniwa.
"Inaachia kila wiki, fundi. Ni nyie."
Kisha, "Nina wagonjwa sita kabla ya saa nane."

Akainama kwa kijana wa bodaboda, paja limejaa vyuma,
akapitisha mikono chini ya makwapa yake.
Moja. Mbili.
Kijana akalia jina la mama yake, akasimama.

Uzi wa tano ukakatika.
Niliusikia, naapa, pamoja na mvua yote ile.
Na pale pajani pangu, bila kuagizwa na mtu,
bila kuhesabiwa,
kidole gumba na kidole cha shahada
vikaanza kusogeleana.